Kamba ya Papa Alimasi

Yaya Kavira, dada yangu,

Nakusihi, soma peke yako. Mama anadhani nimejifungia ofisini mpaka vita viishe. Leo mimi na Papa Alimasi, mzamiaji wa hapa bandarini, tulifunga mtumbwi kwenye bomba la moshi la meli iliyozama mtoni, mkondo ukitaka kutuchukua. Yeye akapiga mbizi kutafuta shaba ya kuuza, mimi nikashika kamba aliyojifunga kiunoni. Kila ilipotikisika, nilimvuta juu.

"Karani, ni maji tu! Mimi iko samaki?" akanifokea.

Mara ya mwisho nilimvuta tena kwa woga, kumbe alikuwa amenaswa kwenye vyuma, pumzi inamwishia, na mvuto wangu ndio uliomnasua. Amenilisha pondu, kisamvu cha huku, na samaki, akaapa hazami tena bila mwoga kushika kamba.

Nakukumbuka sana. Ukijibu, mpe barua mfanyabiashara yeyote anayepanda ndege kuja Kisangani. Aulize bandarini karani mwoga, hakuna asiyenijua.

Mdogo wako,
Paluku