Gari Lililonuka Samaki

Sabiha, salamu zisubiri. Nimerudi kutoka arusini sasa hivi na kichefuchefu hakijanitoka.

Unalijua lile gari kuukuu la mwanangu Munsif. Alitaka ling'ae, limpeleke binti yake Rim kwa mumewe bila aibu. Taa akazisugua kwa dawa ya meno, hilo nililinyamazia. Plastiki zilizopauka akazipaka mafuta ya zeituni.

Yaliyokaangiwa samaki, Sabiha. Ya samaki!

"Mama, mafuta ni mafuta," akaniambia.

Tulipofika, paka wote wa mji wa Sfaksi walilipanda, wakalilamba. Walililamba! Mama mkwe wa Rim akashika pua: "Mzazi mwenzangu, samaki huvukwa na maharusi mara tatu kwa baraka. Hapakwi garini!"

Wageni wakaangua kicheko. Munsif akainamisha kichwa, machozi yakimlenga.

Ndipo Rim aliposhuka. Paka mmoja alikuwa amejilaza mlangoni, akijiramba masharubu. Rim akainua gauni, akamvuka mara tatu.

"Samaki yumo tumboni mwake," akasema, kisha akambusu babake.

Vigelegele vikapaa. Nami nilivipiga, Sabiha, huku nimeziba pua.