Zibani Ntogwa, Mkalimani Aliyejifunza Kula Upya

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike kijijini Masunga kando ya wazazi wako, asubuhi ya baridi, upepo ukipeperusha kofia za wanakwaya. Tunaandika haya kwa utulivu. Wewe mwenyewe hukumpenda mtu anayepandisha sauti mahali ambapo maneno yanatosha.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mkalimani wa mahakama ya hakimu: Kikalanga, Kitswana, Kiingereza. Ulisimama kati ya hakimu na kizimba, ukasema maneno ya watu wengine kana kwamba ni yako, maana ndivyo kazi inavyotaka. Mshitakiwa akisema "nilimpiga kwa shoka," nawe ulisema "nilimpiga kwa shoka," kwa sauti ileile uliyotumia mezani kuomba chumvi. Mwanao Kudzani alipokuwa mdogo alipita mahakamani siku moja akitoka shule, akachungulia dirishani, akarudi nyumbani mbio analia. Alimwambia Mama kwamba Baba amekiri.

Ulikuwa mtu wa kula. Nyama ya kutwanga, ugali wa mtama, viwavi wa mti wa mopane waliokaangwa mpaka wakakauka, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kiungulia kilipoanza uliwalaumu viwavi. Kisha ukailaumu pilipili ya Mama. Mama hajawahi kutia pilipili katika chakula. Ulikwenda hospitali pale tu choo kilipokuwa cheusi kama lami, wakakuingiza kamera kooni, wakakuta saratani ya tumbo.

Ulilazwa Francistown. Siku moja kabla ya upasuaji wako, daktari alikuja kuzungumza na mzee wa kitanda cha jirani, Mzee Masala wa Tutume. Daktari alikuwa mgeni, hakujua Kikalanga, na mzee hakujua kitu kingine. Muuguzi aliyekuwa akiwasaidia hakuwepo siku hiyo. Ulishuka kitandani ukiwa na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, ukasimama kati yao. Mama alikuwepo, ndiye aliyetusimulia.

"Ugonjwa umeenea," ulisema kwa Kikalanga, baada ya daktari. "Nikikufungua sitapata cha kukata. Nasikitika."

Mzee Masala alikutazama. "Mwanangu, wewe ndiye unayekata?"

"Hapana, mzee. Anayekata ni huyu. Mimi namsemea."

"Mbona umevaa gauni kama langu?"

"Mimi zamu yangu kesho."

Mzee alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Basi mwambie ahsante kwa kunieleza mapema. Mwambie nataka kwenda nyumbani kwa ng'ombe wangu. Na wewe, funga gauni, mama wa watu yupo hapa."

Ulimfasiria daktari yote, mpaka neno la gauni. Halafu ulirudi kitandani ukajifunika shuka mpaka kichwani. Mama alipoaga ulimwambia, "Selina, leo ndiyo mara ya kwanza nimesema 'mimi' nikaogopa."

Waliondoa tumbo la chakula lote, wakaunganisha koo na utumbo. Daktari alisema upasuaji umekwenda vizuri, na ilikuwa kweli. Ila sisi tulidhani mtu akishapona amepona. Hakuna aliyetuambia, au tuliambiwa hatukusikia, kwamba kula kwenyewe kungekuwa kazi ya kujifunza kuanzia mwanzo.

Ulikonda mpaka suruali za kazini zikakuzunguka mara mbili. Kijiko kimoja zaidi, ukajaa hadi kooni. Ukinywa maji pamoja na chakula, maumivu. Ukilala chali, nyongo ilipanda ikakuchoma. Ukila kitu kitamu, moyo ulikwenda mbio, jasho likakutoka, miguu ikalegea, na hapo lazima choo kiwe karibu. Tulilijua hilo la utamu nyumbani kwa Shangazi Tjiyapo. Dada yako alifurahi mno kukuona hai. Alikuandalia chai kama zamani, vijiko vitatu, na maandazi ya moto. Ulikula kwa heshima yake. Robo saa haikupita, ukawa unakimbilia choo cha uani.

Shangazi alisimama nje ya mlango akipiga kelele. "Kaka! Nani amekuloga hapa kwangu?"

Sauti yako ikatoka ndani, ya pole pole, ya mahakamani. "Dada. Ni wewe na sukari yako."

Tulicheka siku ile. Baadaye hatukucheka, kwa sababu uliacha kutoka. Kwetu mtu asiyekula msibani huonekana. Uligusa nyama kidogo ukarudisha sahani, na watu wakasema Ntogwa siku hizi anaringa, wengine wakasema anaogopa sumu. Uliacha harusi, ukaacha misiba, ukaacha hata kanisa siku za karamu. Ulipokwenda kazini ulikaa na njaa tangu alfajiri ili tumbo lisikuumbue, ukarudi jioni unatetemeka. Mwanao Thabani alikuomba ustaafu. Ulimjibu, "Nikistaafu nitakaa hapa nisikilize utumbo wangu unavyoongea. Heri niwasikilize wezi."

Halafu ikaja kesi ya ng'ombe wa Bibi Mbako.

Bibi alikuwa shahidi, mkongwe, mnene, mwenye maneno mengi. Asubuhi ile Mama alikuwa amekulazimisha unywe uji kabla ya kutoka, na mtu alikuwa ameutia sukari. Aliyeutia ni mwanao Chedza, alikuona umedhoofu. Bibi akiwa katikati ya kueleza alama za masikio ya ng'ombe wake, jasho likaanza kukutoka. Kwa miaka yako yote hukuwahi kusimamisha mahakama. Ulivumilia sentensi moja, ukavumilia ya pili. Ya tatu haikufika kwa hakimu.

Hakimu aliinua macho. "Mkalimani, shahidi amesema nini?"

"Mheshimiwa, shahidi anaendelea kusema. Mkalimani ndiye hawezi." Ulishika ukingo wa meza. "Sina tumbo, Mheshimiwa. Lilikatwa. Naomba kwenda msalani sasa hivi."

Watu wa benchi za nyuma waliangua kicheko. Karani akainamisha kichwa. Bibi Mbako hakuelewa Kiingereza, akauliza kinachochekesha ni nini, na kwa mazoea tu, ukiwa umeshageuka kuelekea mlangoni, ulimfasiria maneno yako mwenyewe kwa Kikalanga.

Bibi akawageukia wale wa nyuma. "Nyinyi mnaocheka, matumbo yenu mmepewa ya milele? Mwacheni baba wa watu apite! Na mimi pia nataka kwenda, nimebanwa tangu niapishwe, nilikuwa naogopa kusema."

Hakimu aliahirisha kwa nusu saa. Mliondoka pamoja, Bibi amekushika mkono, na haikujulikana nani anamsaidia mwenzake. Mliporudi alimalizia masikio ya ng'ombe, nawe ukafasiri kila neno. Kuanzia hapo hakimu alikuwa akitoa mapumziko kila saa moja na nusu, na kumbe nusu ya mahakama ilikuwa ikiyasubiri mapumziko hayo kwa hamu.

Ulirudi nyumbani jioni ile ukatuita sote. Ulisema, "Leo nimejisemea mwenyewe. Si vigumu kama nilivyodhani." Kisha ukamwita Chedza peke yake, ukamwambia uji ulikuwa mtamu sana, usirudie.

Basi ukaanza kwenda misibani tena. Ulibeba chakula chako katika kibakuli, ukakaa mbele kabisa, ukatafuna polepole huku ukijibu maswali. Mtu akikuuliza, "Zibani, mbona unakula kama kifaranga?" ulimweleza tangu kamera ya kooni hadi mwisho, hata kama yeye mwenyewe alikuwa na pande la nyama mdomoni. Wachache waliuliza mara ya pili.

Hospitali ilisikia habari zako. Muuguzi wa kliniki ya upasuaji alikuomba uje kuzungumza na wagonjwa wapya, na ulikwenda kila mwezi, siku ya sindano yako ya vitamini. Hukuwapa pole. Uliwauliza wamekula nini asubuhi, wamekunywa lini, wamelala upande gani. Kuna dada mmoja mfyatua matofali alikuambia hataki tena kuishi maisha ya kuhesabu matonge. Tulisikia ulimjibu, "Sawa. Usiyahesabu. Lakini la leo ulile kwanza." Mwaka uliofuata alikuletea matofali ya kujengea banda la kuku.

Hatusemi kwamba ulipona kabisa. Kulikuwa na siku ulizojikunja kitandani na hukutaka mtu chumbani. Kulikuwa na ndoto za chai ya sukari, ulizotusimulia asubuhi kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa. Mwili haukurudi. Lakini ulimwona Thabani akioa, ukambeba mtoto wake, na ulistaafu kwa tarehe uliyoichagua mwenyewe.

Mwezi wa saba mwaka jana ulipata homa ya mapafu. Iliingia haraka. Daktari alituambia kwamba walitafuta saratani na hawakuiona. Tunaliandika hapa kwa kuwa wengi wameuliza, na kwa kuwa wewe ungetaka lielezwe kwa usahihi.

Jambo moja hukulijua, Baba, au ulilijua ukanyamaza. Kwa miaka yote hiyo, ulipokula kidogo mara sita kwa siku, Mama alikaa akala nawe, mara sita, ili usile peke yako. Alinenepa, ukawa unamtania kwamba mafuta yako yote amehamishia kwake. Alicheka, akapakua tena. Sasa tumemwambia apumzike, arudie milo mitatu kama watu wengine. Anasema atajaribu. Lakini kila siku saa nne asubuhi tunamsikia jikoni akibandika kisufuria, anakoroga uji usio na sukari, anakaa upande wake wa meza, anakula polepole mpaka unaisha.

Unakumbukwa na mkeo Selina. Wanao Kudzani, Thabani na Chedza. Mkwe wako Naledi na mjukuu wako, Zibani mdogo, ambaye anakula kila kitu. Dada yako Tjiyapo, ambaye bado anaomba radhi kwa ile chai. Na Bibi Mbako, aliyetuma mtu aulize kama jina lake litakuwamo.

Limo. Na lako, Baba, tutalitaja kila tukiketi kula.