Nimemwandikia Bibi Sifuri Mara Kumi na Nne

Mshauri mpendwa, nisaidie haraka, maji yamenifika shingoni na mwisho wa mwezi hauko mbali.

Mimi nafanya kazi kwenye jaa kubwa la taka, kazi yangu ni kupokea malalamiko ya harufu, mtu akipiga simu naenda mpaka kwake, nasimama dirishani, navuta pumzi mara tatu kama utaratibu unavyotaka, halafu naandika namba kwenye daftari, kuanzia sifuri, yaani hakuna harufu, mpaka tano, na kwa kazi hiyo wenzangu wananiita Pua, nami nilikuwa naona fahari. Sasa Jumapili asubuhi niliingia jikoni kuchemsha chai, kiberiti mkononi, mara mke wangu akaja mbio akanipiga mkono kiberiti kikaruka huko, "Wewe! Nyumba nzima inanuka gesi, unataka kutuua?" Mshauri, sikusikia kitu! Tulipokwisha kufungua madirisha nikanusa kitunguu, nikanusa siki, nikanusa marashi ya mke wangu, nikanusa hata viatu vyangu vya kazini, hakuna, ndipo nikakumbuka yale mafua makali ya mwaka juzi, na kwamba tangu hapo nimekuwa nikimlalamikia mke wangu kuwa siku hizi chakula chake hakina ladha. Nikakaa sakafuni.

Kumbe miaka miwili nimewaandikia watu wote sifuri, na meneja alipoona sifuri zimejaa akapunguza udongo wa kufunikia taka. Lakini kinachonitesa zaidi ni bibi mmoja anayeishi peke yake nyuma ya ukuta wetu, karibu na bwawa la maji machafu. Amepiga simu mara kumi na nne, zote nimeenda, zote sifuri. Mara ya mwisho hakubisha, aliniangalia tu akasema, "Basi mwanangu, labda ni mimi. Labda kichwa changu kimeanza kuchoka." Wiki iliyofuata mwanawe mkubwa akaja ofisini kuomba nakala ya daftari, nikampa, na muhuri nikagonga, akaniambia, "Mama anasikia harufu zisizokuwepo, hawezi tena kuachwa peke yake," na mwisho wa mwezi wanamtoa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Nikisema ukweli, kazi sina. Au niombe tu kuhamishiwa kitengo kingine, ninyamaze?

Pua

JIBU

Pua, nimeisoma barua yako mara mbili huku nimeshika kifua. Kwa ugonjwa nakupa pole, hukuuomba. Lakini "ninyamaze"? Uliandika neno hilo bila haya? Umemfanya mama wa watu mwenye akili zake timamu aanze kuzitilia shaka, ukampa mwanawe karatasi yenye muhuri wa kuthibitisha, halafu unaniuliza habari za kitengo!

Tena usijitie hamnazo. Mtaa mzima unalalamika, wewe umesimama jirani na mlima wa taka unaandika sifuri, na siku zote hizo haikukujia kumvuta mwenzako mmoja anuse naye? Na mkeo umwombe radhi kwa kila sahani uliyoitia kasoro. Mwenzio amekuokoa usiungue.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, nenda kwa huyo mwana mkubwa umwambie ana kwa ana kwamba mama yake hana tatizo, mwenye tatizo ni wewe. Atakufokea. Kaa ufokewe. Kisha mwone daktari wa pua, uchukue barua yake mpaka kwa meneja, umwambie sifuri za miaka miwili zifutwe, udongo urudishwe kama zamani, na kuanzia sasa waende kunusa watu wawili waliopimwa. Kazi inaweza kuondoka, sikudanganyi. Ila meneja naye hakuwahi kukupima hata siku moja, kwa hiyo ana sababu ya kukusikiliza vizuri.

Ukimaliza hapo nenda kwa bibi. Usisimame dirishani, na usivute pumzi hata mara moja. Fungua daftari ukurasa mpya, mpe kalamu, umwambie, "Bibi, andika wewe." Namba yoyote atakayoandika, igongee muhuri.