Ngoma Isiyo na Maiti

Kisugu, Kampala

Baba yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza kifua chako wala miguu ya mama, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mjomba humu nyumbani: kuna mzee aliyechukuliwa kisiwani, na maneno yake ya mwisho niliyafasiri mimi.

Umeniuliza umjibu nini mwenye hoteli ya Lamu anayetaka uwapulizie watalii siwa, pembe yetu ya arusi, kila jioni. Unasema mimi ndiye msomi wa nyumba. Basi nisikilize.

Huku nako kuna hoteli ya mapumziko kwenye kisiwa kimoja ziwani. Walikuja wageni wa Ulaya, na kapteni mmoja akataka waonyeshwe utamaduni. Askari husema Kiswahili, wageni Kiingereza, wazee wa kisiwani Kiganda tu. Shuleni wakanitoa mimi, kwa kuwa lugha zote tatu nazijua nami si msemaji sana.

"Wewe mtoto ya kitabu," kapteni akaniambia, "ambia huyu mzee alete ngoma."

Alitaka watu wacheze. Lakini kwa Kiganda ngoma ni chombo chenyewe, nami nilitamka neno lilelile. Mzee akaingia ndani, akatoka na ngoma pekee aliyokuwa nayo.

"Hii hulia mtu akifa," akasema. "Nani amekufa, mwanangu?"

Nikafasiri. Kapteni akacheka. "Ambia yeye apige. Maiti, mimi nitatafuta."

Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza wanasema nini. Kapteni akanitazama. Nikamjibu yule bibi kwamba wanawakaribisha.

Mzee akapiga. Baba, watu waliteremka kilima mbio, wanawake wamejifunga viunoni nguo za gome la mti, za msiba, wanalia, wanajitupa mchangani. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja akawa anamshika kila mtu akiuliza, "Ni mwanangu? Ni yule wangu wa jeshini?" Bibi wa Kizungu akainama ampige picha ya karibu.

Ngoma ile hainyamazi mpaka aliyekufa atajwe. Mzee alipiga huku akitazama nyuso za watu wake, na hakutaka kumtaja mtoto wa mtu. Mikono ilipochoka akataja jina lake mwenyewe. Mkewe akakaa chini palepale.

"Yeye nasema nini?" kapteni akauliza.

"Anasema aliyekufa ni yeye, afande."

"Kumbe mzee najua kazi! Peleka yeye."

Askari wakampakia mashuani pamoja na ngoma yake. Wageni walimpungia mikono. Mkewe amefika mpaka hospitali ya Mulago kutazama maiti, moja baada ya moja. Hakumwona.

Kwa hiyo, baba, mwulize mwenye hoteli arusi ni ya nani. Akikosa jina la bwana arusi, ifunike siwa. Huko hakuna kapteni. Wewe unaweza kukataa.

Barua hii nampa mchuuzi anayeteremka Mombasa, maana za posta hufunguliwa. Nisalimie mama, nyanya mshona kofia, shangazi wa ghorofani, na mdogo wangu anayejifunza kupuliza kwa pembe ya ng'ombe.

Jumamosi iliyopita gari la jeshi lilirudi shuleni. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa darasa, akataja jina langu. Nikafunga kitabu, nikaenda, nikapanda, kwenda kuwafasiria tena.

Mwanao anayekushika mikono,
Bakari