Leo Tumemzika Filipo

Jumatano. Ukungu umeufunika Meru tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Nimerudi kutoka makaburini, nimekaa tu, hata nguo zenye matope sijabadili.

Leo tumemzika Filipo. Wazungu wa misheni walimwita mwinjilisti, kwa kuwa hakuna mtu mweusi aliyewekewa mikono ya uchungaji bado. Sisi wa huku migombani tulimwita mchungaji.

Alitoka Uchagani kwa miguu kuja kutuhubiria. Hakuwa msemaji mzuri, na Kimeru chake kilituchekesha. Lakini wanaume walipochukuliwa kwa nguvu kwenda kubeba mawe ya boma la Wajerumani, yeye ndiye aliyewalimia wake zao mashamba. Hakumwuliza mtu kama amebatizwa.

Sasa niandike lile ninalolikwepa.

Mama alipopata ndui, sikuingia kwake. Mimi ni mwalimu wa shule ya misheni, nikasema nachelea kuwaambukiza watoto. Kila asubuhi niliweka kibuyu cha maziwa nje ya ua, nikaita, nikaondoka upesi. Siku ya tatu nilikuta kibuyu cha jana palepale, hakijaguswa.

Nilikimbia kwa Filipo. Nilitaka aombe tu.

"Nani yuko naye ndani?" aliniuliza.

Akachukua blanketi lake, akatangulia.

Alikaa na mama siku kumi na moja. Alimnywesha uji, alimwosha vidonda, alimwashia moto. Mimi nilileta kuni na maji, nikavitua nje. Mama akapona. Filipo akarudi kwake na homa.

Kwake pia sikuingia.

Aliyeingia ni mama, asiyejua hata sala moja, na ambaye ndui imemwachia jicho moja. "Mimi imeshanila, hainirudii," alisema. Alimtunza hadi jana alfajiri alipokata roho, kisha akamwosha yeye mwenyewe, maana sisi Wakristo hatukuthubutu kumgusa.

Kaburini mzungu alisoma maneno mazuri. Watu walisimama mbali. Tulipokuwa tunarudi, nilimwambia mama anisamehe. Alitembea mbele yangu mpaka tukavuka mto.

"Alikuwa akikuulizia kila siku," alisema. "Nikamwambia nawe unaumwa. Akakuombea upone."

Nimejaribu kuomba tangu niingie ndani. Sala haitoki. Mtu anakufa, na kwa pumzi zake za mwisho anamwombea mzima aliyejificha.

Jioni hii jirani amepita na habari kwamba kule juu, karibu na msitu, mwanamke mjane ameanza kutoka vipele, na wanawe wamehama nyumba. Alinieleza huku akitazama chini. Nadhani alitaka kuona nitasema nini. Nilisema, "Mungu atusaidie," nikafunga mlango.

Kukicha nitapanda huko na blanketi langu. Ninaogopa sana. Nimeyaandika haya kwa wino ili nisije nikayakana.