Kanga Yangu, Bunduki ya Baba Neema na Lile Gazeti

Bredäng, Jumamosi, Oktoba 1973. Mawingu tangu asubuhi. Moyo umetulia, kasoro kidogo.

Sasa hivi Neema amechukua mwiko wangu wa ugali, akaulaza begani, akanyata mpaka nyuma ya kochi, akaniambia kwa Kiswidi ninyamaze, mnyama atakimbia. Miaka mitatu tu! Nikanyamaza. Akasema "pang", kisha akaenda kumkumbatia yule mnyama, yaani mto wa kochi, akampa pole.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wiki nzima sikucheka hivi.

Acha niandike ilivyokuwa.

Baba Neema amenunua bunduki mwaka huu. Siyo ya magendo. Kibali alikiomba polisi, wakamchunguza, wakampa. Kiwandani kwake wapo wanaume ambao kila Oktoba huingia msituni kuwinda älg, yule mnyama wao wa miguu mirefu, mkubwa kumpita pofu wa porini kwetu. Kiongozi wao ni mzee Gunnar, fundi mkuu pale kazini. Ndiye aliyemwambia, "Baba yako alikuwa mwindaji, basi na wewe njoo." Siku ile alirudi nyumbani anapiga mluzi. Miaka minne tuko hapa, na hakuna aliyewahi kumwalika popote.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunatoka uwanja wa shabaha, sote watatu. Zipu ya mfuko wa bunduki ikakatika. Mimi ndiye niliyesema tuifunge kwa kanga. Kwetu Manyoni mama mkwe alilifunga hivyo hivyo gobore la mzee, lisiingie vumbi, na hakuna aliyeshtuka. Nikafungua kanga niliyombebea Neema, nikaizungushia bunduki, nikajiona nina akili.

Kwenye treni kanga ikateleza. Mtutu ukachungulia.

Mama mmoja akapiga ukelele. Stesheni iliyofuata polisi wawili walikuwa wanatungoja. Baba Neema akatoa kibali, wakakisoma, wakakagua bunduki, risasi hamna. Mmoja akamchezea Neema shavu. Mwenzake akasema, "Nunueni mfuko mwingine." Yakaisha, tukaenda zetu.

Jumanne gazeti likaandika: "Wageni na bunduki kwenye treni." Kibali hawakukitaja. Kwamba polisi walituachia palepale, hawakutaja. Ukurasa uleule, chini, kuna bwana amempiga risasi mbwa wake mwenyewe akidhani sungura. Yeye ni "mwindaji mzoefu". Yake ni "bahati mbaya". Na picha wamemtoa, ameshika kofia, anasikitisha.

Nilisoma kwa kamusi, neno baada ya neno, nikidhani labda sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Rafiki yangu Esther, Mkenya wa Fittja, akanipigia simu. "Wewe Mama Neema! Kumbe siku hizi mnateka treni na hamsemi? Si mngetupitia!" Nikacheka naye, nikaweka simu, nikalia.

Kumbe baya zaidi lilikuwa mbele. Gunnar akamwambia Baba Neema kuwa baadhi ya wenzake wamelisoma lile gazeti, hawataki tena aende nao. Leo Jumamosi wanakutana nyumbani kwake waamue. Uwindaji unaanza Jumatatu.

Nakiri nilimwambia airudishe bunduki. Siipendi. Hata ikiwa kabatini, kufuli limefungwa, naipita kwa mbali. Nikamwambia, "Si tukae kimya tu, Baba Neema, tukae kama wageni." Yeye aliendelea kupaka buti zake mafuta, buti moja akaipaka mara mbili.

Hapo nikajua siyo nyama anayoitaka.

Mimi nimeishia darasa la nne. Kiswidi changu ni cha masomo ya jioni. Lakini Jumatano nilikaa mezani nikawaandikia watu wa gazeti: "Mimi ndiye niliyefunga bunduki kwenye kanga. Kosa ni langu. Mume wangu ana kibali, polisi wamekisoma. Mmeandika pia habari za mtu aliyempiga mbwa wake, mmemwita mwindaji. Mume wangu hajapiga mbwa wa mtu. Kwa nini yeye ni mgeni tu?"

Leo barua wameitoa!

Iko pembeni, chini ya tangazo la mapazia. Hawakuomba radhi. Herufi wamenirekebishia, maneno wameyaacha yote. Nimeisoma mara tano, bila kamusi.

Mama yule wa kwenye treni simlaumu. Mtutu ungenichungulia mimi, ningeruka dirishani. Wala sisemi kila mtu abebe bunduki. Nasema mtu akifuata sheria yao, hatua kwa hatua, basi aandikwe kama wanavyoandikwa wenyewe. Ni mengi hayo?

Baba Neema ameikata barua yangu kwa mkasi, ameitia mfukoni, amekwenda nayo kwa Gunnar. Mlangoni alisema, "Wakikataa, angalau watakuwa wamekusoma." Sijui kama mume amewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo.

Saa mbili zimepita sasa, hajarudi. Wakimkataa, nitapika pilau hivyo hivyo. Wakimkubali, nita…

Huyo! Anaita toka chini uwanjani, kwa sauti ya Manyoni, na hapa hakuna anayepiga kelele uwanjani. Majirani wanafungua madirisha.

"Mama Neema! Tafuta sindano na uzi! Wamenipa utepe mwekundu!"

Utepe huo wawindaji huushona kofiani ili waonane msituni wasije wakapigana risasi. Hapewi mtu asiyekwenda.

"Mama Neema! Unasikia?"

Nasikia, baba, nasikia, nakuja. Sindano niliiweka kwenye kopo la biskuti. Kalamu chini.