Nyumba ya Baba Yako Haikuwa na Moshi

Kasulu,
14 Novemba 1972

Mpendwa mjukuu wangu Bazilio,

Mwakeye. Hujambo huko Morogoro? Mama watoto na wanao wana afya? Mimi mzima, ila goti la kushoto, nalo nimeshalizoea. Mvua zimeanza, maharage nimepanda. Barua hii naandika kwa mkono wangu, nimesoma darasa la watu wazima, basi usizicheke herufi zangu.

Uliniomba nikueleze mtaa wetu ili binti yako Rosa aujue. Ungemleta angeuona kwa macho yake. Haya, mwambie Boma liko palepale mlimani na bendera yake. Kengele ya misheni bado inatuamsha. Chemchemi haijakauka, wala midomo ya wanawake wanaoteka maji. Duka la Athuman lina baraza refu kama zamani. Baada ya duka ni nyumba ya marehemu baba yako Kipriani, ya kwanza hapa kujengwa kwa tofali za kuchoma. Mgeni akipotea tunamwambia, ukifika kwa Kipriani pinda kulia. Anapinda, anakuta kufuli lako lina kutu.

Sasa sikia aibu yangu.

Wamekuja wakimbizi kutoka Burundi. Mmoja ni Epifania, mjane mwenye watoto watatu. Athuman amewapa baraza lake walale, mvua inawapiga ubavuni. Asubuhi moja alikuja kwangu na kigae, kuomba moto. Unajua desturi ya hapa: moto haunyimwi, na uliyempa moto ni jirani yako, humfukuzi tena. Nikawaza, leo moto, kesho ataomba ile nyumba tupu, na Bazilio ameandika isifunguliwe mpaka aje. Nikamwambia moto wangu umezimika.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa, Bazilio, juu ya kichwa changu. Aliutazama. Kisha akapiga magoti, akanipigia makofi ya heshima kama tunavyofanya sisi, akasema, "Murakoze, mama." Alinishukuru kwa kigae kitupu.

Adija, mke wa Athuman, alikuwa anafagia barazani. Akaniambia, "Bibi Maximilla, huo moto uliozimika utakuchomea nyumba." Mimi, niliyemkaripia kila mtu mtaani humu! Tangu siku hiyo nikifika chemchemini wanawake wananipisha nichote kwanza, hawanitanii. Afadhali wangenitukana.

Na wewe usijifiche nyuma ya aibu yangu. Kila Krismasi unasema unakuja. Baba yako hakujenga nyumba ya kufugia popo.

Basi jana nilimwita Nestori fundi baiskeli, akalivunja kufuli. Nilifagia mwenyewe, na goti hili. Kisha nilichukua makaa kwenye mafiga yangu, nikapita nayo mchana kweupe mbele ya baraza, wote wakiniona, nikayatia jikoni kwa Kipriani. Epifania alikuja nyuma yangu na watoto wake. Akainama, akapuliza.

Msalimie mama watoto, na Rosa umbusu shavuni. Shangazi yako Immakulata anakusalimu, ingawa amekununia. Mungu akutunze na akulainishe moyo.

Ukikasirika, njoo ukasirikie hapa. Ukifika mtaani usiulize njia, nyumba ya baba yako inatoa moshi.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Maximilla